Namba Chini ya Manowari

Katika Riyadh nzima, Hezron alipenda kusema, kulikuwa na mdomo mmoja tu wa Mkenya ambao haujawahi kusema "aiwa, baba" mahali panapostahili "hapana". Mdomo wenyewe alikuwa nao yeye, chini ya pua, na kila Ijumaa aliupeleka kwenye karakana ya Al-Sulay kuutembeza.

"Mimi kafili akinikosea namwambia hapo hapo," alisema, akizungusha ufunguo wa gari kwenye kidole kama feni. "Kwa Kiarabu. Asiposikia, kwa Kiingereza. Asiposikia tena, namshukia kwa Kimaragoli."

"Na akikujibu?" aliuliza Onesmus bila kuinua macho kutoka kwenye msasa.

"Atajibu nini? Kamusi ya Kimaragoli ataitoa wapi?"

Karakana ilikuwa ya paleti, zile fremu za mbao wanazopangia mizigo kwenye maghala. Mwenyewe alikuwa Abu Talal, na Abu Talal ndiye aliyekuwa kafili wa wote wawili, mwajiri aliyeshikilia vibali vyao: Hezron aliendesha gari la nyumbani kwake, Onesmus alipigilia misumari hapa. Lakini Onesmus hakuwa fundi wa paleti. Alikuwa fundi aliyepewa paleti, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Kwao Tabaka, kule Kisii, alichonga jiwe laini tangu akivaa kaptura. Kuna kiboko aliwahi kumchonga, mdogo kuliko kidole gumba, na kiboko yule alikuwa na kope. Kisha ajenti akaja na habari kwamba Saudia wanatafuta watu wenye mikono mizuri. Mikono mizuri ikaletwa, ikapewa mashine ya misumari, na huu ulikuwa mwaka wa nane. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimeanza kufa ganzi. Asubuhi alikigonga kwenye ukingo wa kitanda ili kiamke.

Januari, Abu Talal aliingia karakana na picha ya manowari ya kale, milingoti mitatu na bomba la moshi katikati. Aliwahi kusikia kwamba huyu Mkenya anachonga. Akasema anaitaka hiyo, urefu wa mita moja na nusu, iwe tayari kabla ya maonyesho ya marafiki zake wa Jeddah mwezi wa kumi. Kazi ya paleti isimame? Hapana, paleti ziendelee. Meli ifanywe Ijumaa na baada ya zamu.

Onesmus hakukasirika. Hilo ndilo lililomkasirisha Hezron. Mtu anaongezewa kazi juu ya kazi halafu anatabasamu kama aliyepewa zawadi! Lakini Onesmus alikuwa amepata mbao mkononi mwake kwa mara ya kwanza katika miaka minane, mbao isiyotaka msumari.

Akachagua vipande vya paleti zilizovunjika, vile vyenye nyuzi zilizonyooka. Akaomba makopo matupu ya samli kwa mpishi wa kambi ya mafundi, akayakata vibamba vidogo kama kucha, na kwa vibamba hivyo akaivisha ile meli chuma, kimoja baada ya kingine, zaidi ya elfu moja. Hezron kazi yake ilikuwa kukaa juu ya rundo la paleti na kumsomea kwenye simu historia ya meli yenyewe, maana Onesmus alikataa kuchonga kitu asichokijua maisha yake.

"Inaitwa Numancia," Hezron alisoma. "Ya Wahispania, ila imeundwa Ufaransa. Ikashushwa majini 1863. Imevaa chuma ubavu mzima, unene kushinda kiganja changu."

"Inatembea kwa nini?"

"Matanga na makaa ya mawe."

"Nani anayachochea hayo makaa?"

Hezron akapandisha ukurasa, akaushusha. "Hawajasema. Nahodha wamemtaja, na cheo, na baba yake karibu wamtaje."

Ijumaa iliyofuata ikawa zamu ya vita. Numancia ilikwenda hadi Peru, ikaipiga mizinga bandari ya Callao, nayo ikapigwa, na jioni kila upande ukatangaza kwamba umeshinda. "Kama watu wa siasa," alisema Hezron. Badala ya kurudi njia iliyojia, ikaendelea mbele: Tahiti, Manila, Rasi ya Tumaini Jema. Njiani mabaharia waliugua kwa kukosa matunda na mboga, fizi zikavimba. Mwaka 1867 ikafika nyumbani, manowari ya kwanza ya chuma kuizunguka dunia.

"Wakaiandikia sifa kwa Kilatini, mzee! Kilatini!"

"Na wachochea makaa?"

"Hamna."

"Dunia nzima? Walikuwa wanashukia wapi, baharini?"

Sasa Hezron naye akaanza kuwatafuta wale watu, kwa hasira, kama vile wamefichwa na mtu anayemjua. Akasoma jinsi waasi walivyoiteka meli mwaka 1873, na jinsi usiku mmoja ilivyoigonga meli ya wenzao wenyewe ikaizamisha na watu wake. Akasoma jinsi ilivyokimbilia Algeria, jinsi ilivyorudishwa, ikazeeka, ikakarabatiwa. Akafika mwaka 1911, meli imetia nanga Tangier, wachochea makaa wamechoka na wameasi.

"Hapa kuna jina!" akapiga kelele. "Onesmus, kuna jina la mchochea makaa!"

"Ehe?"

Hezron akasoma mbele kidogo. Sauti ikashuka. "Ni la yule waliyempiga risasi."

Onesmus akapuliza vumbi kwenye kibamba cha samli, akakipachika mahali pake. "Na meli?"

"Ilikuja kuuzwa 1916, kama chuma chakavu. Wakiwa wanaikokota kwenda kuikatakata, ikapanda mwamba kule Ureno, ikakataa kufika."

"Vizuri," alisema Onesmus. Hakusema vizuri kwa nani.

Jambo lenyewe lilikuja mwezi wa tisa. Hezron, ambaye masikio yake ya udereva yalikuwa makali kuliko breki zake, alimsikia bosi akiongea kwa simu kwenye gari. Huko Jeddah kungekuwa na mwanamke wa Kihispania anayeitwa Marisol, anayetayarisha jumba jipya la vitu vya bahari, na alikuwa akitafuta fundi wa meli ndogo. Si wa wiki moja. Wa kuajiriwa, kuhamishiwa kafili mwingine, kukaa kwenye karakana yenye dirisha.

Onesmus alipoambiwa alikitazama kidole chake gumba.

"Akijua ni kazi yangu, Hezron."

"Atajua."

"Bosi hatasema."

"Mimi nitasema! Nani anaipeleka? Mimi. Nani atasimama pale? Mimi. Nitalitaja jina lako kwenye ule ukumbi mpaka kahawa imwagike. Onesmus wa Tabaka! Halas. Wewe weka tu jina mahali, mimi nitalisoma."

"Nimeshaweka." Onesmus akaiinamisha meli taratibu. Chini ya mkuku, ule ubao wa chini kabisa wa meli, mahali fundi wa Tabaka huacha alama yake, palikuwa na tarakimu kumi zilizochorwa kwa ncha ya msumari, zikianza na mbili.

"Hii si namba ya ikama yako?"

"Ndiyo."

"Mzee! Jina! Nilisema jina!"

Onesmus alionekana kushangaa kweli. Kikombe chake kilikuwa na namba ile ya kitambulisho cha mgeni. Kofia yake, kabati lake, blanketi lake, hata sufuria. Msimamizi alimwita kwa tarakimu nne za mwisho. Mkono wake ulipofika mahali pa kutia alama uliandika ulichozoea kuandika, na yeye alikuja kugundua rangi imeshakauka juu yake.

"Ukikwangua utaharibu," alisema. "Basi. Hata hiyo ni mimi."

Hezron aliondoka siku hiyo akiwa amefura. Alizikasirikia namba zote za Saudia, kisha wachochea makaa wote waliozunguka dunia bila majina, kisha Kilatini.

Familia ya Abu Talal ilipanda ndege kwenda Jeddah, pamoja na Rispah, dada wa Homa Bay aliyefanya kazi za nyumba na aliyehitajika kila mahali madam alipohitajika. Meli ilipanda gari na Hezron. Aliilaza juu ya godoro, akaifunga kwa shuka mbili, na kutoka Riyadh hadi Taif akaihutubia. Alijaribu hotuba ya heshima: Baba, samahani, kuna neno. Akajaribu ya ukali. Akajaribu ile ya Kimaragoli. Kwenye kizuizi askari alichungulia nyuma, akauliza kabeba nini.

"Manowari," Hezron akamjibu.

Askari akacheka hadi akasahau kuuliza ikama. Hezron akalichukua hilo kama dalili kwamba leo neno lake lina nguvu. Aliteremka milima ya Al-Hada akipiga mluzi.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, ukumbi ulijaa kanzu nyeupe na harufu ya udi. Meli iliwekwa juu ya meza ya kioo, na chini ya mkuku wakaweka kioo cha kujitazama ili wageni waone tumbo lake. Abu Talal akavuta kitambaa. Watu wakasema mashallah kwa sauti moja. Jua la dirishani lilikuwa limepiga vile vibamba vya samli, na viling'aa kama navyo vimetoka vitani.

"Miezi tisa," Abu Talal aliwaambia, ameinua viganja vyake viwili, laini kama mkate mpya. "Kwa mikono hii. Chuma nimekiagiza Uhispania."

Hezron akiwa ukutani aliguna. Uhispania! Mpishi wa kambi angesikia!

Marisol alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, miwani kwenye kamba shingoni. Hakusema mashallah. Alipiga magoti mbele ya meza, akatazama kwenye kile kioo, akapiga picha kwa simu, akauliza kitu kwa Kiingereza. Kiingereza cha Abu Talal kilikuwa cha kusalimia tu. Akageuka, akapunga vidole viwili.

"Hezron! Taal. Tafsiri."

Mlango ulifunguka hivyo, mpana, bila Hezron kuusukuma. Alitembea hatua sita. Katika zile hatua sita alikuwa na hotuba tatu kichwani.

"Anauliza nani ameijenga, baba."

"Mwambie ni mimi." Na Abu Talal, akiwa bado anatabasamu kwa wageni, akaongeza kwa sauti ya chini: "Exit yako ya Desemba iko mezani kwangu, sivyo?"

Hezron alikuwa na binti wa miaka miwili kule kwao Mbale ambaye hajawahi kumshika. Binti alimjua kwa jina la Simu. Simu anakula? Simu amelala? Exit ndiyo ruhusa ya kafili ya kutoka nchini, na Desemba alikuwa aende akawe mtu.

"Amesema ameijenga yeye," Hezron alimwambia Marisol.

Marisol akamtazama Abu Talal mikono, kisha akarudi kwa Hezron. "Na hii namba chini, ni ya nini?"

Hezron akatafsiri, na Abu Talal akainama. Akaiona. Mtu anayetia sahihi ikama za watu arobaini huijua namba ya ikama akiiona, hata kinyumenyume kwenye kioo. Hakubadilika uso.

"Mwambie ni namba ya meli yenyewe, kule kwa jeshi lao. Tumesikilizana?"

"Aiwa, baba."

Ikatoka. Hata haikukwama. Na kama ingeishia hapo labda mtu angeweza kumsamehe. Mtoto ni mtoto, exit ni exit. Lakini mdomo wa Hezron haukuzoea kusimama ukishapata gia. Alimgeukia yule mama, akaweka mkono kifuani, akasema kwa Kiingereza chake kizuri cha shule ya sekondari:

"Ni namba ya usajili, madam. Waliipiga siku ileile ilipoteremshwa majini, 1863. Baba yangu hapa ni mtu wa utafiti sana."

Hakuna aliyemtuma. Abu Talal mwenyewe alimtazama kwa mshangao mdogo, kisha akampigapiga bega. Marisol alivua miwani, akasema, "Ahaa," pole pole, na akaenda upande wa wanawake kunywa kahawa. Rispah alipita hapo jirani, amebeba sinia la tende. Hezron hakumtazama. Dereva hatazami masinia.

Alirudi Riyadh na gari tupu, na safari hii hakumhutubia mtu. Kilomita mia tisa alikasirika. Alimkasirikia Abu Talal, na hiyo ilimfikisha Taif. Akamkasirikia Onesmus: mtu mzima, una herufi ishirini na kitu za kuchagua, unaandika namba! Hiyo ikamfikisha mbali zaidi. Alipoona taa za Riyadh, hasira zote zilikuwa zimekwisha isipokuwa ile moja iliyomstahili yeye, na hiyo hakuigusa. Badala yake alianza kutunga. Alitunga vizuri. Siku mbili baadaye alikuwa anaamini karibu nusu.

Ijumaa, madam alitaka wali na nyama vilivyobaki kwenye karamu ya usiku uliopita vipelekwe kwa mafundi. Rispah akasema atavipeleka yeye mwenyewe, vyombo visije vikapotea. Hezron akaona sawa, mradi abaki kwenye gari.

"Ngoja hapa, dada. Dakika mbili. Huko ndani ni vumbi, utaharibu abaya."

"Sawa," alisema Rispah, sinia mapajani.

Akaingia karakana akizungusha ufunguo. Onesmus alikuwa ameketi juu ya paleti na mafundi wengine wawili, Robinson wa Bungoma na Hezekiah wa Kitui. Ni wazi walikuwa wakimsubiri. Onesmus amevaa shati safi.

"Eeh?" alisema.

"Eeh nini? Kaeni chini," Hezron alisema, ingawa wote walikuwa wamekaa. "Ukumbi umejaa. Bosi anavuta kitambaa. Anasema, nimejenga kwa mikono hii. Mimi niko ukutani. Damu inachemka."

"Ukafanya?" aliuliza Robinson.

"Nikatoka ukutani! Hatua sita. Nikasimama hivi. Nikamwambia, baba, uongo huu Mungu anausikia. Hiyo mikono haijawahi kushika hata tupa ya kucha. Ukumbi ukanyamaza, unasikia friji."

"Nkt! Ulisema?" Hezekiah alishika kichwa.

"Kwa Kiarabu! Akajifanya hasikii. Kwa Kiingereza! Yule Mhispania akainuka. Nikamwambia, madam, fundi ni Onesmus wa Tabaka, na hicho chuma ni makopo ya samli. Akalia, wallahi. Chozi hapa."

Mafundi wawili walipiga makofi. Onesmus hakupiga. Alikuwa amekikamata kidole gumba kwa mkono wa kushoto, anakifinya.

"Na namba?" aliuliza. "Aliiona?"

"Namba!" Ufunguo ulizunguka kwa kasi. "Nikamwambia, unaona hiyo namba? Hiyo si namba. Huyo ni mtu."

"Aki ya Mungu," ilisema sauti mlangoni. "Hilo ungelisema kweli, lingekuwa zuri."

Rispah alikuwa amesimama kwenye jua la mlango, sinia mkononi, abaya imeshikana mgongoni kwa jasho. Paji la uso lilitiririka.

"Umeniacha ndani ya gari, vioo vimefungwa, AC imezima," alisema. "Ufunguo umekuja kuuchezea huku. Nimekuwa hapa tangu zile hatua sita."

Ufunguo ukasimama.

"Dada Rispah," alianza Hezron, "nilikuwa nawaeleza tu kwa ufupi—"

"Kwa ufupi umeruka usajili wa 1863." Aliweka sinia juu ya mashine ya misumari. "Na baba yako mtu wa utafiti. Bosi alikuomba neno moja, Hezron. Hayo mengine ulimpa ya nini? Yalikuwa ya bure?"

Robinson alimtazama Hezron, kisha akatazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa imepiga makofi, kama mtu anayetaka irudishiwe makofi yake.

Rispah akamgeukia Onesmus, sauti ikapungua ukali. "Mzee Onesmus, yule mama alikuja upande wa wanawake. Ananiuliza, dereva wenu ni mwongo? Amesema zile manowari hazikuwa na namba ya hivyo, yeye anazijua zote. Mimi Kiingereza changu kidogo. Nikatoa ikama yangu, nikamwekea mezani, nikamwonyesha mahali namba inakaa. Akaihesabu. Kumi. Ya kwanza mbili. Akafungua mkoba." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi ndogo nyeupe iliyolowa jasho pembeni. "Amenipa hii. Na picha ya ile namba amenitumia. Amesema mwenye ikama hiyo ampigie. Mwenyewe, si kwa kutafsiriwa."

Onesmus aliichukua kadi kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukumsikia vizuri. Kisha akatoa ikama yake mfuko wa shati, akaifuta kwenye suruali, na badala ya kumpa Rispah akamnyooshea Hezron.

"Soma," alisema.

"Mzee, mimi nilikuwa na exit—"

"Najua una exit. Soma. Dada atalinganisha na picha."

Rispah akafungua simu. Hezekiah akasogea apate kuona. Mdomo ule mmoja wa Riyadh nzima ukafunguka.

"Mbili," alisema Hezron.

"Kwa sauti," alisema Rispah. "Kama ulivyosema Jeddah."